Msamaha si Mali ya Mchezaji: Dhidi ya Maoni Mawili kuhusu OMORI

Tangu OMORI itolewe tarehe 25 Desemba 2020, baada ya kungojewa kwa takriban miaka sita na wale walioichangia fedha mwaka 2014, wachezaji wake hawajaacha kubishana. Ubishi huo ni dalili njema, kwani kazi isiyozua ubishi aghalabu huwa imekwisha kufa mikononi mwa hadhira yake. Hata hivyo, si kila ubishi ni uhakiki. Miongoni mwa maoni yaliyojizolea wafuasi wengi kuhusu kazi hii yamo mawili ambayo, kwa kurudiwarudiwa, yameanza kuchukuliwa kama kweli zisizohitaji ithibati. La kwanza linadai kuwa urefu wa sehemu ya ndoto, unaolalamikiwa na wengi, ni uchovu uliokusudiwa na mtunzi na kwa hivyo hauwezi kuitwa kasoro. La pili linashikilia kwamba swali kuu la kazi ni iwapo Sunny anastahili kusamehewa, na kwamba mchezaji ndiye mwenye kulijibu. Maoni yote mawili ni potovu. La kwanza linaharibu uhakiki tu. La pili linaharibu kazi yenyewe, na ndilo litakaloshughulikiwa kwa kina zaidi.

Kabla ya hapo, kuna swali ambalo halistahili kupotezewa muda mwingi, nalo ni iwapo mchezo wa kompyuta una haki ya kujadiliwa katika jarida la fasihi. Wanaouliza hivyo ni watu wa lugha ambayo fanani wake hawezi kuanza ngano bila kuitikiwa. Paukwa bila pakawa haizai hadithi. Hadhira inayoitika, inayoimba kiitikio na kumkatiza fanani haijawahi kuonwa kuwa inaibomoa fasihi. Kinyume chake, imesifiwa katika kila kitabu cha fasihi simulizi kinachofundishwa nchini. Ajabu ni kwamba hadhira hiyohiyo ikipewa kitufe cha kubonyeza badala ya kiitikio cha kuimba, baadhi ya wahakiki hupata homa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwapo waliosema kuwa yale hayakuwa mashairi kwa kuwa hayakuwa na vina. Leo mashairi huru yanatahiniwa shuleni. Yatosha.

OMORI ni mchezo wa kuigiza uhusika wenye misingi ya utisho, uliobuniwa na msanii wa Marekani ajulikanaye kama OMOCAT akisaidiwa na kikundi kidogo cha wenzake. Umeundwa kwa RPG Maker MV, programu inayomwezesha mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake kutunga mchezo kamili. Nasaba yake haijifichi. Mwaka 2004 mtunzi wa Kijapani ajiitaye Kikiyama alitoa Yume Nikki, mchezo ambamo msichana hakubali kutoka chumbani mwake na huishi katika ndoto tu. Jina lenyewe la OMORI limo ndani ya neno la Kijapani hikikomori, yaani mtu aliyejifungia nyumbani na kujitenga na jamii, neno lililoenezwa na tabibu wa akili Saitō Tamaki katika kitabu chake cha mwaka 1998. Msomaji anayetaka kuucheza mchezo huu bila kuijua siri yake na akomee hapa, kwani uhakiki hauwezi kuitunza siri ambayo ndiyo mhimili wa ploti.

Mhusika mkuu, Sunny, ana umri wa miaka 16, na kwa miaka minne hajatoka nje ya nyumba yao. Zimesalia siku tatu familia ihame. Kila alalapo huwa Omori, mtoto wa rangi nyeusi na nyeupe katika ulimwengu wa ndoto uliojaa rangi, akiandamana na marafiki watatu, Aubrey, Kel na Hero, wakimtafuta rafiki wa nne, Basil, aliyepotea. Dada yake, Mari, yumo pia ndotoni, ameketi juu ya shuka la mandari, akiwakaribisha. Nje ya ndoto Mari amekufa miaka minne iliyopita, na wote waliompenda wanaamini kuwa alijiua. Ukweli hufichuliwa karibu na upeo wa kazi. Siku ya tamasha lao, ambapo Mari angepiga piano na Sunny fidla, mvulana huyu aliyechoshwa na mazoezi aliitupa fidla yake ngazini ikavunjika. Ndugu hao waligombana juu ya ngazi. Sunny akamsukuma dada yake, akaanguka, akafa. Sunny na Basil, watoto wa umri wa miaka 12, wakauning'iniza mwili wake ionekane kwamba amejitia kitanzi. Kisha wakanyamaza.

Ni baada ya kuujua ukweli huu ndipo lawama kuhusu urefu wa ndoto inapoweza kupimwa. Wanaolalamika husema hivi: kwa saa nyingi mchezaji hutembezwa katika misitu, majumba na visima vya ndoto, akipigana na vikaragosi, akitumwa huku na kule kutafuta vitu visivyo na maana, ilhali kisa chenyewe kiko mjini, kwenye ulimwengu wa kweli, ambako Sunny hupewa vipindi vifupi tu vya mchana. Wanaotetea hujibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Ndoto ni mahali pa kukimbilia, kwa hivyo lazima iwe ndefu na tupu. Mchezaji anachoka? Vyema, na achoke, kwani hata Sunny amechoka.

Utetezi huu ni mbovu kwa sababu mbili. Mosi, unaweza kuitetea kazi yoyote ile. Riwaya iliyojaa vijipindi visivyohusiana itasemwa kuwa inasawiri ukosefu wa mpangilio katika maisha. Tamthilia yenye mazungumzo ya kulaza itasemwa kuwa inaonyesha ulalavu wa jamii. Wimsatt na Beardsley walikwisha kuonya mwaka 1946 kwamba nia ya mtunzi si kipimo cha ufanisi wa kazi, na onyo hilo halijachakaa kwa kuwa kitabu kimegeuka skrini. Mtunzi anaweza kukusudia kumchosha mchezaji na bado akawa ametunga vibaya.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, kwani inatoka ndani ya kazi yenyewe. Utetezi wa uchovu haulingani na jinsi ndoto ilivyosukwa. Jambo linalojitokeza tena na tena ndotoni si uchovu bali usahaulifu. Marafiki huondoka kwenda kumwokoa Basil. Njiani hukutana na Sweetheart, malkia anayejipenda, na kasri lake lenye vituko. Hukutana na karamu, na madeni, na kazi za kibarua, na nyangumi mwenye kuongea. Kila wanapotumbukia katika kituko kipya, jina la Basil hupungua midomoni mwao, hadi mchezaji makini anatambua kwamba hawamtafuti tena. Akili ya Sunny inamfuta Basil kwa sababu Basil ndiye shahidi. Sasa, mchezaji gani anayekitekeleza kitendo hiki pamoja na Sunny? Si yule anayepiga miayo. Anayepiga miayo anamkumbuka Basil kila dakika, anataka kufika, ananung'unika kwa kucheleweshwa. Anayesahau ni yule anayefurahia, yule anayecheka na Sweetheart, anayekusanya vitu, anayepanga vyema hisia za wahusika wake vitani, ambako furaha hushinda hasira, hasira hushinda huzuni, na huzuni hushinda furaha. Huyo ndiye aliyenaswa. Mtego wa ndoto hufanya kazi kwa utamu wake, na panapokosekana utamu mtego huwa wazi. Basi wanaosema kwamba uchovu ndio lengo wanaitetea kazi kwa kuutaja udhaifu wake na kuuita nguvu.

Ushahidi mwingine umo katika njia ambayo wachezaji wengi huilalamikia kwa kuwa ni rahisi kuikosa. Asubuhi ya siku ya kwanza Kel, yule wa kweli, huja kubisha hodi. Mchezaji ana hiari ya kumfungulia au kutomfungulia. Akikataa kabisa, mchezo haumwadhibu papo hapo. Humrudisha ndotoni na kumfungulia maeneo na mapambano ambayo anayemkaribisha Kel hatayafikia kamwe. Inasemekana kuwa hii ni kumtunuku mwenye kukimbia. Ni kweli, na ndipo ulipo ukali wake. Kujifungia kunaonyeshwa kuwa na malipo, tena malipo matamu, maana kama kusingekuwa na malipo hakuna ambaye angejifungia kwa miaka minne. Katika kazi nzima hakuna tukio dogo kuliko hodi hiyo, na hakuna lenye uzito wa kimaadili unaoizidi.

Haidhuru kukiri kwamba walalamishi wana haki mahali fulani. Safari ya mwisho ndani ya tumbo la nyangumi haina utamu wa kusahaulisha wala utisho wa kukumbusha. Ufichuzi umekaribia, mchana wa kweli umekwisha kumwonyesha mchezaji marafiki waliovunjika mioyo, na bado anavurugwa kwa mafumbo ya njia na mapambano yanayofanana. Hapo kazi imeteleza. Mhakiki anayeipenda kazi hana budi kulisema hilo badala ya kulivika joho la nadharia.

Yaliyosemwa kufikia hapa ni ya fani. Suala la msamaha ni la maudhui, na ndilo linalogawanya wachezaji hadi wakatukanana. Kundi moja husema kuwa Sunny alikuwa mtoto, kwamba alisukuma kwa hasira bila kukusudia kuua, na kwamba amekwisha kujiadhibu vya kutosha. Kundi la pili hujibu kwamba ajali ni ajali, lakini kilichofuata hakikuwa ajali. Kwamba marafiki walilia kwa miaka minne juu ya uongo. Kwamba Hero, aliyempenda Mari, alizama katika huzuni kubwa akijiuliza ni nini ambacho hakukiona. Kila kundi lina ushahidi wake, na ushahidi wote ni sahihi. Kosa si la ushahidi bali la kiti. Nani aliyewaketisha wachezaji hawa katika kiti cha kadhi?

Na izingatiwe jinsi Aubrey anavyohukumiwa. Mchezaji humwona kwanza mjini akiwa na nywele alizozipaka rangi ya waridi, akiongoza genge la vijana, akiwa ameshika gongo lenye misumari na kumnyang'anya Basil albamu ya picha. Hukumu hutolewa mara moja: Aubrey ameharibika. Baadaye hujulikana kwamba picha za Mari zilizomo albamuni zilikuwa zimepakwa wino mweusi, na Aubrey aliichukua kwa sababu aliamini Basil anamfuta marehemu. Wachezaji wengi hapo hubadili hukumu, kwa aibu kidogo. Lakini kisa cha pili hakijawatia aibu inayowapasa. Kando ya ziwa Aubrey anashikwa na hasira na kumsukuma Basil, naye anatumbukia majini. Sunny anamfuata ilhali hawezi kuogelea, na ni Hero anayewaokoa wote wawili. Wachezaji hukitaja kitendo hiki kama ithibati ya ukatili wa Aubrey. Saa chache baadaye wanaonyeshwa Sunny akimsukuma Mari juu ya ngazi, kwa hasira ileile, kwa mikono ya umri mdogo zaidi, na watu walewale wanasema: ajali, mtoto, asamehewe.

Ni msukumo uleule mmoja. Tofauti ni mahali aliposimama mtazamaji. Wa Aubrey ameutazama kutoka nje. Wa Sunny ameutazama kutoka ndani, baada ya kuishi naye kwa saa ishirini au zaidi, kumtembeza kwa vidole vyake mwenyewe, kumlisha, kumponya na kumwokoa. Wolfgang Iser alifundisha kwamba msomaji huijaza kazi palipo na mapengo. Hakusema kwamba kila anachokijaza msomaji ni haki. Mchezaji wa OMORI hujaza kwa upendeleo, na kazi imempendeleza makusudi ili baadaye apate kuliona pendeleo lake. Wengi hawalioni. Huliita huruma.

Kuna jambo jingine, ambalo linatosha peke yake kuivunja mahakama hii. Wanaosema kwamba marafiki watamsamehe Sunny hutoa hoja yenye sura ya ujuzi: Hero ni mpole, Kel hana kinyongo, Aubrey ana moyo laini chini ya ukali wake. Wameyapata wapi haya? Kwa sehemu kubwa wameyapata ndotoni. Lakini Hero wa ndotoni si Hero. Ni picha iliyotengenezwa na Sunny ya rafiki asiyekasirika kamwe, asiyeuliza maswali, anayepika na kutabasamu. Aubrey wa ndotoni alisimamishwa akiwa mtoto na kukatazwa kukua. Hawa ni mashahidi walioandaliwa na mshtakiwa, wakiwa wamevaa majina ya waathiriwa. Mchezaji ametumia muda mwingi zaidi na vivuli hivi kuliko na watu wenyewe, kisha anavitumia vivuli kutabiri watu watasema nini. Kazi ilikwisha kumwonya mapema. Mazoea ya vita vya ndotoni yalipomfuata Sunny barabarani, alimkabili Aubrey wa kweli akiwa na kisu cha kweli, na Kel akashtuka na kukitaka. Sheria za ndoto hazivuki kizingiti cha nyumba. Kama kisu hakikuvuka bila madhara, kwa nini msamaha uvuke?

Kwa sababu hiyo mwisho wa kazi, ambao umelaumiwa kuwa umekatwa kabla ya kwisha, ni sehemu yake iliyo safi zaidi. Sunny anaamka hospitalini. Anakwenda chumba alimolazwa Basil, ambamo marafiki wamekusanyika. Anasema kwamba ana jambo la kuwaeleza. Kazi inakoma. Walalamishi wanadai kwamba wameibiwa: wamefanya kazi ya saa zote hizo na hawakuonyeshwa jibu la marafiki. Dai hili linafichua fikira iliyo nyuma yake, kwamba msamaha ni tuzo ya mchezaji kama vile hazina ilivyo tuzo ya mwisho wa pango. Lakini kuanzia sentensi ile ya Sunny, kisa si chake tena. Ni cha Hero, cha Aubrey na cha Kel, ambao mchezaji hajawahi kuingia vichwani mwao hata kwa dakika moja. Mtunzi hana maneno ya kuwawekea vinywani ambayo hayatakuwa, tena, maneno ya Sunny kuhusu wao. Kunyamaza hapo si hila ya taharuki bali ni heshima kwa watu waliodanganywa. Wamedanganywa kwa miaka minne. Angalau jibu lao na liwe lao.

Watetezi wa msamaha hukimbilia tukio la siri. Mchezaji aliyeinyweshea maji bustani ya Basil kila siku ndotoni huonyeshwa, baada ya orodha ya watunzi kupita, Sunny na Basil wakitazamana na kutabasamu, na vivuli vya kutisha vilivyowaandama vikitoweka. Husemwa kwamba huu ndio ushahidi wa msamaha. Na ufafanuliwe vizuri ushahidi huo: waliotabasamu ni nani? Ni wawili walioshirikiana kuficha. Washirika wawili wa siri wakitabasamiana kwa kuwa siri imewatoka, huo ni unafuu, na unafuu ni kitu kizuri. Si msamaha. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye msamaha wa kutoa.

Yapo malalamiko ya tatu yanayostahili jibu la namna nyingine, kwa sababu wanaoyatoa aghalabu wanazungumza kutokana na majeraha ya kweli. Kazi hii huanza kwa onyo kwamba inahusu huzuni nzito, wasiwasi na kujiua. Kwa muda mrefu mchezaji huamini kwamba anashuhudia familia na marafiki wakiishi baada ya mpendwa wao kujiua, jambo ambalo fasihi haiwezi kulishughulikia kwa wepesi. Halafu anaambiwa kwamba Mari hakujiua. Baadhi ya wachezaji wamehisi kusalitiwa: maombolezo waliyoyatambua kuwa yao yamegeuzwa kuwa kifuniko cha fumbo la nani aliyeua. Kuna ukweli katika lawama hii ambao mashabiki hawakubali kuusikia. Fasihi ya Kiswahili imewahi kulikabili jambo hili bila kujificha; katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, na tena katika Kichwamaji ya mwaka 1974, Kezilahabi alimwacha mhusika wake mkuu ajiue, na akamlazimisha msomaji atafute sababu katika malezi, katika jamii na katika fikira za mhusika mwenyewe. Sababu hizo zilikuwa za mhusika huyo. Katika OMORI sababu alizozitafuta Hero kwa miaka minne hazikuwapo, na mchezaji aliyezitafuta pamoja naye anabaki mikono mitupu.

Hata hivyo, lawama inakosea inapodai kwamba maombolezo yenyewe yamefanywa kuwa bandia. Huzuni ya Hero ilikuwa ya kweli. Hasira ya Aubrey, aliyeona marafiki wote wakijitenga naye mara tu baada ya mazishi, ilikuwa ya kweli. Uongo wa Sunny haukuzifanya kuwa za uongo. Uliziongezea swali lisilo na jibu, swali la kwa nini hawakuona. Kosa kubwa la watoto wale wawili, ukiachilia mbali kifo ambacho hakikukusudiwa, ni kwamba waliwabebesha wenzao hatia isiyokuwa yao. Anayelalamika kwamba amesalitiwa yuko karibu zaidi na Hero kuliko alivyo karibu na Sunny. Angepaswa kukaa na uchungu huo badala ya kuugeuza kuwa alama ya chini aliyoipa kazi. Na ni kutoka katika uchungu huo, wala si kutoka katika huruma kwa Sunny, ambako mchezaji anaweza kukisia ukubwa wa kile ambacho marafiki wataombwa kukitoa katika chumba kile cha hospitali.

Lipo pia lile pambano la mwisho. Sunny anapambana na Omori, nafsi yake ya ndotoni, ambaye hashindiki. Mchezaji anashindwa, na ni kwa kukataa kukata tamaa baada ya kushindwa ndipo Sunny anasimama na fidla mkononi. Tamasha lililokosekana linafanyika, yeye kwa fidla, Mari kwa piano. Wachezaji wengi hulia hapa, wala hakuna ubaya katika kulia. Ubaya ni kusema, kama wasemavyo, kwamba Mari amemsamehe. Mari amekufa. Aliyepiga piano naye ni Mari aliyetungwa na Sunny.

Na hapa ndipo kazi inapostahili lawama ambayo, kati ya kelele zote za wachezaji, haisikiki sana. Mari ni nani? Marafiki wanapata angalau siku chache za kuonekana nje ya kichwa cha Sunny. Mari hapati hata siku moja. Mchezaji anajua kwamba alikuwa mpole, kwamba alipenda mandari, kwamba alikuwa mkali katika mazoezi ya muziki na alitaka kila noti iwe kamili. Ukali huo ndio ufa pekee ambamo binadamu mzima angeweza kuchungulia: msichana wa miaka 15 mwenye matamanio yake, mwenye kukasirika, pengine mwenye makosa. Kazi inauonyesha ufa huo na kuuziba haraka. Badala yake inamweka ndotoni juu ya shuka lake, na shuka hilo lina matumizi. Ndipo mahali ambapo mchezaji huhifadhi hatua aliyofikia. Wahusika hufika wamejeruhiwa na njaa imewashika. Mari huwalisha, huwaponya, huwapa maneno matamu, nao huondoka. Msichana aliyeuawa amefanywa kituo cha kupumzikia cha aliyemuua.

Inaweza kujibiwa kwamba hiyo ndiyo hukumu ya kazi juu ya Sunny, kwamba ni yeye aliyemfanya dada yake hivyo. Jibu hilo lingekuwa na mashiko kama mahali popote, hata kwa mstari mmoja, pangepatikana Mari mwingine wa kumkanusha yule wa kwenye shuka. Hero wa ndoto ana Hero wa kweli wa kumkanusha. Aubrey wa ndoto ana Aubrey mwenye gongo. Mari hana. Wachezaji wanaobishana kama Sunny asamehewe au asisamehewe hupita mbele ya shuka hilo mara nyingi katika kila safari, hula, huhifadhi hatua yao, na kuendelea na ubishi wao juu ya hisia za mvulana.